Ujumbe wa Sitini na Moja

Barua ilifika Jumatatu saa nne asubuhi kwa njia ya simu, ikiwa na adabu zote za dunia, na ilimtaka Shangazi aeleze ndani ya siku ishirini kwa nini anajiita Shangazi.

Aliisoma akiwa kwenye cherehani. Mguu wake uliendelea kukanyaga pedali bila mwenyewe kujua, kipande cha flana kikapita chini ya sindano mpaka kikaisha, na cherehani ikawa inashona hewa. Barua ilisema kwamba kampuni fulani kubwa ya bidhaa za watoto, yenye nepi, poda na mafuta ya kupaka, ilisajili alama ya biashara ya "Shangazi" miaka kumi na miwili iliyopita. Jina la kikoa la nguozashangazi, linalomilikiwa na mlalamikiwa, linafanana na alama hiyo kiasi cha kuwachanganya wateja. Mlalamikiwa hana haki wala maslahi halali katika jina hilo. Mlalamikiwa alilisajili kwa nia mbaya. Shangazi alirudia kurasa zote sita akitafuta walipoeleza ni nia gani hiyo, hakupaona.

"Kikoa ndiyo nini?" alimuuliza mumewe.

"Anwani. Ile anwani yako ya mtandaoni."

"Na mlalamikiwa ni nani?"

"Ni wewe, mama."

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva na mtaa mzima ulimwita Breki. Jina lilitokana na ile breki ya pili iliyowekwa upande wa mwalimu, lakini lilimganda kwa sababu hata akiwa amekaa sebuleni, jambo likienda asivyotaka, mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu. Asubuhi ile alikandamiza mara mbili kabla hajafika ukurasa wa pili.

Shangazi alishona nguo za watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao na ambao hakuna duka linalowakumbuka. Mshono aliuweka nje ili usikwaruze ngozi, ambayo kwa watoto hao ni laini kuliko karatasi ya sigara. Vifungo hakuweka, aliweka vikamba ubavuni, ili muuguzi afungue bila kung'oa mipira ya kupumulia. Kipimo chake kilikuwa paketi ya sukari ya kilo moja aliyoitia ndani ya soksi: nguo ikiikaa ile, ilimkaa na mtoto. Kazi hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na nusu ya chakula, maana siku hizi vijana walijifunza udereva kwa binamu zao, bure.

Jina hakujipachika. Alikuwa na kaka watano waliozaa kama waliowekeana dau, na watoto wao kumi na tisa walipokuwa wakishinda kwake, wenzao wa mtaani wakawaiga kumwita hivyo, wakafuata wazazi wa wenzao, akafuata mwenye nyumba, mpaka na yule bwana wa kusoma mita ya umeme. Binti wa kaka yake wa tatu, aliyefanya kazi katika duka la kuchapisha na ambaye ukoo wote ulimwita Binti ingawa alikaribia miaka thelathini, ndiye aliyemtengenezea tovuti. Alipoulizwa na mashine aandike jina gani, hakufikiri hata dakika moja. Angeandika lipi lingine?

Tangu hapo wakaanza kuja waliopotea. Mtu alinunua nepi za ile kampuni, zenye picha ya mwanamke anayecheka na kilemba, nepi zikavuja; akaingia mtandaoni kumtafuta Shangazi, akamwangukia huyu. Mtu mwingine angeifuta meseji ya namna hiyo. Shangazi hakuweza. Kwake yeye kuitwa bila kuitika ulikuwa utovu wa adabu, basi alimjibu kila mmoja: kwanza pole, kisha ushauri, kisha mwisho kabisa, kama mtu anayemsindikiza mgeni mpaka barabarani, anamwelekeza kwa wenyewe. Kwa miaka mitatu walifika watu mia moja na kumi na wawili.

*

Wakili alikuwa na ofisi ghorofa ya tatu, na kiti cha mgeni kilikuwa kifupi kuliko chake. Shangazi aliketi magoti yakimjia kifuani. Breki na Binti walisimama, maana kiti kilikuwa kimoja. Mazungumzo, katibu aliwaambia, hulipiwa kabla.

"Suala ni jepesi," wakili alisema. "Wanatakiwa wathibitishe mambo matatu. Kwamba majina yanafanana, hilo tusipoteze muda. Kwamba wewe huna haki na jina. Na kwamba ulilichukua kwa nia mbaya. Tunashika hilo la pili. Kama umma unakujua kwa jina la Shangazi, una haki nalo. Sasa, una uthibitisho?"

"Wa kwamba naitwa Shangazi?"

"Ndiyo."

"Cheti cha ushangazi sina, baba."

Binti aliangua kicheko, akaona wakili hacheki, akajitia kukohoa.

"Leseni ya biashara? Akaunti ya benki? Bango?"

"Leseni ina jina la kitambulisho. Lakini nenda pale kwetu ulitaje jina hilo la kitambulisho uone. Utazunguka mpaka soli zikuishe."

"Mama, mwamuzi hatazunguka mtaani kwenu. Yuko nchi nyingine, anasoma karatasi. Niletee maandishi. Watu wasio ndugu zako, wanaokuita hivyo, na tarehe." Alitazama saa. "Na neno moja la bure. Pelekeni kilichoulizwa tu. Watu wa kawaida kesi hizi hawashindwi kwa uwongo, wanashindwa kwa kujieleza."

Kisha alitaja ada ya kuandika utetezi wenyewe, na Breki akakanyaga zulia. Walishuka ngazi. Huko chini Binti alisema fomu ya kujibu iko wazi, mtu anaweza kujaza mwenyewe, na Shangazi akasema basi tutajaza wenyewe, kwani sisi hatujui kusoma?

*

Kuomba watu waandike kwamba wanakuita wanavyokuita ni kazi ya aibu, na Shangazi hakuwa ameijua aibu ya namna hiyo. Mwenye nyumba aliandika kwa moyo mkunjufu kabisa, lakini akaandika jina la kitambulisho, kwa kuwa aliona karatasi ya kisheria haifai utani. Jirani wa kushoto aliuliza kama kusaini kutamfanya aitwe mahakamani. Bwana wa mita alisema atafurahi sana, na hakuonekana tena mwezi ule. Siku kumi na moja zilikuwa zimekwenda.

Tumaini lililobaki lilikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya njiti. Huyo ndiye aliyekuwa akiwaandikia kina mama anwani ya Shangazi nyuma ya kadi zao, miaka yote mitatu. Shangazi alimkuta kwenye korido, kati ya maboksi ya nepi yaliyopangwa hadi usawa wa bega. Juu ya kila boksi mwanamke wa kilemba alikuwa akicheka.

"Shangazi, unajua nakupenda," muuguzi alisema, na kwa kauli hiyo tu Shangazi alijua mambo yameharibika.

"Mstari mmoja. Kwamba unaniita Shangazi."

"Huo mstari ndio wenyewe. Haya yote," alipiga boksi kwa kiganja, "wanatuletea bure kila mwezi. Nikikusainia, wakubwa wataniuliza ninafanya kazi kwa nani."

"Mbona sasa hivi umeniita?"

"Nimekuita kwa mdomo, mpenzi wangu. Kwa mdomo nitakuita mpaka kufa."

Shangazi alikuwa amekuja na mfuko wa nguo sita za wodi, akamwachia, maana nguo hazikuwa na kosa. Njiani kurudi alikuwa na hasira ya kupiga mtu. Alivuka barabara bila kutazama na dereva mmoja akamtukana, naye akamrudishia tusi ambalo hakuwa amelitamka tangu usichana wake. Likampunguzia kidogo.

Alipofika nyumbani alikaa na simu mkononi, akawa anapitia meseji za zamani kwa ajili ya kutuliza moyo tu. Shangazi, nepi zenu zimemtoa mwanangu vipele. Shangazi, poda hii ni ya umri gani? Shangazi, naomba kuuliza. Alisimama. Alikaa. Alisimama tena.

"Breki!" aliita. "Breki, njoo! Ushahidi tunao, tumekaa juu yake kama kuku."

*

Jumamosi mchana duka la kuchapisha lilikuwa limefungwa kwa wateja. Binti alitoa jumbe zote kwenye karatasi, pamoja na majibu yake, akazipanga kwa tarehe na kuzitia namba. Mrundo ulikuwa mnene kama kitabu cha shule. Shangazi alikaa sakafuni na kalamu nyeusi ya wino mzito, akifuta majina ya kina mama moja baada ya jingine.

"Watu mia na kumi na wawili," alisema. "Hakuna ndugu yangu hata mmoja. Wote wananiita Shangazi. Na tarehe hizo hapo. Si ndicho alichokitaka yule bwana wa kiti kirefu?"

"Lakini Shangazi," Binti alisema, "hawa walidhani wewe ndiye ile kampuni."

"Walidhani. Nikawaambia ukweli. Soma majibu yao baada ya hapo. Wanaendelea kuniita vilevile. Sasa tena walikuwa wanamwita nani?"

Binti alisoma. Ilikuwa kweli: walipoambiwa wamepotea, wengi waliandika tena, asante Shangazi, ubarikiwe Shangazi, mtoto amelala Shangazi. Akawasha mashine ya kuskani.

Breki ndiye aliyeikwamia namba sitini na moja. Aliisoma mara mbili, akaishika kando.

Ilitoka kwa keshia wa duka kubwa la vyakula, miaka miwili nyuma. "Shangazi, naomba nepi ndogo kuliko hizi mnazouza. Mwanangu ana gramu elfu moja na mia tatu, nepi yenu inamfika kwapani. Shangazi, sina wa kumwambia. Nilikata shuka letu la buluu vipande vitatu, nikawa najifunga tumbo nikienda kazini wasijue nina mimba, maana mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha. Nadhani ndiyo maana amekuja mapema. Mume wangu hajui. Daktari sikumwambia. Nakwambia wewe."

Na jibu lake Shangazi: "Pole mwanangu. Mimi siye wa hizo nepi, na wao hawana saizi ya mwanao, nilishawahi kuwauliza. Mimi nashona. Niambie kitanda namba ngapi, kesho saa nne nitakuwa hapo. Hilo la shuka umeniambia mimi, limeishia kwangu."

"Hii itoe," Breki alisema.

"Kwa nini?"

"Huyu ulimuuzia. Wengine wote uliwarudisha kwa wenyewe, huyu peke yake ulimwambia wale hawana, njoo kwangu. Na alikulipa."

"Alilazimisha. Nilimkatalia mara mbili."

"Mwamuzi atajuaje kwamba ulikataa? Itoe, mama. Mia na kumi na moja hazitoshi?"

"Nikificha moja, basi hiyo nia mbaya wanayoisema nitakuwa nayo kweli." Aliinyakua karatasi. "Hii ndiyo inayonieleza mimi ni nani. Yule mtoto alikuwa wa rangi ya udongo wa mfinyanzi, Breki. Uliona mwenyewe picha yake ya mwaka mmoja."

Breki alikanyaga sakafu. Binti alikuwa ameisoma begani kwa Shangazi.

"Na hili la shuka? Huyu mama akijua?"

"Jina nimelifuta. Atajulikanaje?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Kufuta mistari mitatu zaidi kungechukua muda wa kupiga chafya. Lakini ukweli ni kwamba Shangazi alitaka mistari ile isomwe. Kwa siku kumi na mbili alikuwa ameitwa mlalamikiwa, alikuwa ameombaomba saini kama mtu anayeomba nauli, alikuwa ameketishwa kwenye kiti kifupi. Alitaka huyo mtu wa nchi nyingine mwenye mamlaka aone kwa macho yake ni mambo gani watu humwambia Shangazi. Akafunga kalamu, akampa Binti karatasi, na mashine ikaivuta.

*

Baada ya kutuma, nyumba haikukalika. Shangazi alishona vazi lenye mikono miwili ya kushoto, akalifumua, akashona jingine lenye kosa lilelile. Simu ikilia alikimbia, isipolia aliitikisa kuona kama ni nzima. Breki alikanyaga breki ya mwalimu katikati ya makutano wakati mwanafunzi hajakosea chochote, na magari matatu yakampigia honi. Binti alipita kila siku akitoka kazini, akisema amepita tu.

Wiki ya pili alipita akiwa na ile barua ya kwanza mkononi, ameichapisha. Alikuwa ameisoma upya, pamoja na viambatisho ambavyo wao hawakuwa wamevifungua siku ile kwa kiwewe.

"Kampuni ilileta mifano ya wateja waliochanganyikiwa," alisema, bado amesimama mlangoni. "Unajua waliipata mingapi?"

"Mingapi?"

"Mitatu."

Breki alihesabu kwa macho, akawa wa kwanza kuufikia ukweli.

"Na sisi tumewapelekea mia na kumi na mbili," alisema. Akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, mpaka Shangazi akamwambia anyamaze.

Uamuzi ulikuja Alhamisi alasiri. Binti aliusoma mezani kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwenzake. Kuhusu kufanana, mwamuzi alimshukuru mlalamikiwa kwa kuleta yeye mwenyewe ushahidi wa kutosha kwamba wateja huchanganyikiwa. Kuhusu haki, mlalamikiwa huitwa shangazi na jamaa na majirani, kama wanawake wengi ulimwenguni, na watu wengine walioleta jumbe walikuwa wakimwita mlalamikaji. Kuhusu nia, mwamuzi alikiri kwamba majibu mengi yalikuwa ya kiungwana. Hata hivyo, ujumbe wa sitini na moja ulionyesha mteja wa mlalamikaji akivutwa kwa faida ya kibiashara, tena akiwa katika hali dhaifu: mwanamke aliyejifungua mtoto wa gramu elfu moja na mia tatu, aliyekiri kwamba alikata shuka la buluu vipande vitatu ili kumficha mwajiri ujauzito wake, aliambiwa kwamba mlalamikaji hana bidhaa inayomfaa, na siku iliyofuata akauziwa. Jina lihamishiwe kwa mlalamikaji ndani ya siku kumi.

"Akauziwa," Shangazi alisema. "Nilimkuta analia chooni."

Breki angeweza kusema nilikwambia, na haki hiyo alikuwa nayo. Alitoka nje akaosha gari lililokuwa safi. Shangazi alimsikia anamwaga maji ndoo baada ya ndoo, akampenda kwa hilo, na bado alitamani angeingia ndani amgombeze.

Siku ya kumi, Binti alibonyeza alipotakiwa kubonyeza. Walifungua anwani nyingine yenye jina ambalo hakuna aliyelijali, lakini kadi zilizokuwa mikononi mwa kina mama zilikuwa na ile ya zamani, na aliyeifuata alipokewa na mwanamke wa kilemba na punguzo la poda. Wiki tatu zikapita bila oda hata moja kutoka kwa mtu mpya. Kampuni nayo ilitangaza ushindi wake katika kurasa zake zote, na chini ya tangazo iliweka uamuzi mzima, kwa yeyote mwenye nafasi ya kusoma. Walikuwepo wengi wenye nafasi.

*

Keshia alikuja Jumapili saa tano asubuhi, na mtoto. Mtoto alikuwa ameanza kukimbia, zile mbio za kuinamia mbele kama anayesukumwa. Shangazi alipofungua mlango hakumtambua mama, alimtambua mwana, kwa yale masikio yaliyosimama, na furaha ikamwinua kiasi kwamba alishapiga makofi kabla hajamtazama mama usoni.

"Karibuni! Karibuni ndani, jamani, huyu si ndiye yule aliyeenea kwenye kiganja? Njoo, baba, njoo nikuone!"

"Tumepita tu," Keshia alisema. "Hatukai."

Alisimama kizingitini. Mtoto alikuwa tayari ameshaingia, ameshika mguu wa meza ya cherehani.

"Nimesoma ile hukumu yenu," Keshia alisema.

"Wameninyang'anya, mwanangu. Kwa sababu ya nguo zile nne ulizonilipa. Wanasema nilikuvuta."

"Nimeona. Hukunivuta. Ungeniita nishuhudie, ningekuja kusema hukunivuta."

Shangazi hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Siku zote zile, alikuwa amezunguka kwa mwenye nyumba na bwana wa mita.

"Jina nililifuta," alisema, maana alianza kuona kilichomleta mgeni.

"Nimeona pia. Umelifuta vizuri." Keshia aliongea taratibu, kwa sauti ya kazini, ya mtu aliyezoea foleni. "Mume wangu alionyeshwa na mwenzake kazini, kwenye simu, wanacheka. Shuka la buluu, vipande vitatu, gramu elfu moja na mia tatu. Hakuhitaji jina. Alirudi nyumbani akafungua kabati, akatoa kile kipande kilichobaki, akakiweka mezani. Nilikuwa namlisha huyu."

"Amekupiga?"

"Hapana. Angenipiga ningerudi kwetu. Hata kelele hakupiga. Ila kila asubuhi, akifunga vifungo vya shati, ananiuliza kama kuna jingine. Ninamwambia hakuna. Anasema sawa. Kesho yake ananiuliza tena."

Uani, redio ya Breki iliendelea kuimba. Mtoto aligundua kwamba pedali inacheza ikisukumwa, akawa anaisukuma.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja tu," Keshia alisema. "Mistari ile ya shuka ungeweza kuifuta, kama ulivyofuta jina?"

Shangazi alikuwa na majibu. Angeweza kusema hakujua kwamba uamuzi utawekwa hadharani, lakini jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye barua, ukurasa wa nne, na ukurasa huo aliusoma. Angeweza kusema Binti aliharakisha, mashine ilivuta. Alimtazama yule mwanamke, akaona kwamba amekuja mwendo wote huo akiwa bado na nusu ya matumaini.

"Ningeweza," alisema.

"Mbona hukuifuta?"

"Nilitaka waone." Alishika kitasa. "Nilitaka waone watu huniambia nini."

Keshia alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei akaona hana haja ya kubishana. Aliingia hatua mbili, akamwondoa mtoto kwenye pedali, akampakata ubavuni. Mtoto alimpungia Shangazi mkono kama alivyofundishwa.

"Haya, fundi," Keshia alisema. "Kwaheri."

Walikwenda. Shangazi alibaki mlangoni, mkono kwenye kitasa, akiwatazama mpaka kona ikawameza. Breki alikuja nyuma yake akipangusa mikono.

"Nani huyo?"

"Mteja."

"Alikuwa anataka nini?"

"Hakuna anachotaka tena kwangu," Shangazi alisema, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze.